Mvumo wa Dakika ya Ishirini na Tatu

Mdogo wangu Proches,

Habari za hapo Uru? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na mvua imeshafika kihambani, kwenye migomba yetu, au bado mnagombea zamu za maji ya ule mfereji wa mfongo? Mimi nipo, mzima wa mwili, ila nimechoka. Ni uchovu usioisha hata nikilala Jumapili nzima.

Kazi yangu hapa Uswidi unaijua, kufua mashuka ya hospitali. Mashine zinavuma toka asubuhi mpaka jioni, na nikirudi nyumbani zinanifuata. Nakula zinavuma, nasali zinavuma. Sikuelezi haya kwa kulalamika tu (nalalamika pia, nani mwingine atanisikiliza?). Nina kosa la kukiri kwako.

Uliponitumia ule muziki wako mrefu, usio na ngoma wala maneno, uliniomba kitu kimoja: "Dada, washkaji wa Pasua wote wanasema ni kali, na hakuna aliyefika dakika ya tano. Wewe usinibembeleze. Sikiliza mpaka mwisho, niambie ukweli."

Basi nikajiona mtaalamu. Nikausikiliza hata viatu vya kazi sijavua, nikakuandikia haraka haraka: sauti ya maji ya mfongo nzuri, kinanda kimezidi, na kuanzia dakika ya ishirini na tatu kuna mvumo wa mashine unaoharibu kila kitu, uondoe. Ukajibu kwa utii wako wa siku zote: "Nimeuondoa, dada. Na ile ya kwanza nimeifuta, simu ilikuwa imejaa."

Ulipotuma mpya nilikaa mezani kwa heshima zote, kalamu mkononi. Proches, muziki ulikuwa safi, lakini ulikuwa umekufa. Ulikuwa kama ndizi zilizopikwa bila chumvi. Nikashangaa, kitu kibaya kikiondolewa kazi inaharibikaje? Nikairudia ile ya kwanza, ambayo kwa uvivu wangu sikuwahi kuifuta, dakika zote hamsini na nane, jioni tatu mfululizo.

Jioni ya kwanza nilisikia mashine tena. Ya pili nikagundua kwamba mvumo unaanza pale maji yanapoongezeka, jirani yenu wa juu ya mfongo anapoyafungulia. Ya tatu nikausikia ukikatika, kidogo sana, halafu ukaendelea. Ukakatika tena. Mashine haivuti pumzi.

Ndiyo maana juzi nilikuuliza siku ile ya kurekodi maji uliweka simu wapi. Ukajibu: "Kwenye benchi, pale kwenye chanja ya kahawa, karibu na Baba. Mimi nilikuwa nimeenda kukata majani ya ng'ombe."

Ni Baba, Proches. Ni besi yake ya kwaya, ile sauti moja anayoishikilia wenzake wakipanda na kushuka, na mwishoni inainuka kidogo kuelekea "Amina", kama alivyokuwa akiwavuta pale parokiani. Tangu kiharusi kimpate hatujasikia neno lake, na sote tulishakubali kwamba sauti imekwenda. Kumbe ipo. Anaitoa akiwa peke yake, sisi tukishaondoka. Hata wewe unayeishi naye hukuitambua, na mimi mwanawe niliagiza ifutwe. Nililia, sikufichi. Kwanza kwa aibu, kisha kwa furaha, na kesho yake niliingia kazini macho yamevimba.

Aibu nyingine ni ya Jumapili zote ninazopiga simu. Unamwekea Baba simu sikioni, nasema "Shikamoo Baba", nasubiri kidogo, kimya, nasema, "Haya, nipe Mama." Miaka miwili sasa. Muziki wako nimeupa jioni tatu, Baba sijawahi kumpa dakika moja.

Ile ya kwanza nakurudishia leo. Mvumo usiuguse. Kinanda bado kimezidi, hilo sirudi nyuma.

Jumapili hii mkishatoka kanisani, maji yakifunguliwa, nipigie, weka simu pale benchi, kisha uende zako kwenye majani. Mama naye aingie jikoni. Msimwambie kitu, wala msimhimize. Nitamwamkia, halafu nitanyamaza, hata kama ni saa nzima. Kunyamaza sasa ninakuweza, umenifundisha wewe.

Msalimie sana Mama. Shangazi wa Kilema mwambie kahawa yake ndiyo inayonisimamisha asubuhi. Baba mdogo wa Pasua na duka lake la viatu nawakumbuka wote wawili.

Baba usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe.

Ni mimi dada yako mwenye masikio mabovu,
Restituta