Koti Jeupe la Wageni

Nyuma ya Soko,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji naye, bado anakoroma? Sisi huku miili ni mizima. Rohoni nimechemka, na usinipoze mpaka nimalize.

Ni habari ya binti yangu, Bi Kwanini wenu. Unakumbuka tulivyopiga vigelegele alipopata ule ufadhili wa wasichana wanaosoma sayansi chuoni. Karo inalipwa, vitabu vinaletwa, sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni Jumatano.

Jumatano ndiyo siku yao ya maabara. Ndiyo pia siku ambayo ofisi ya ufadhili huleta wageni. Basi wasichana wanatolewa kwenye kazi, wanavishwa makoti meupe mapya, wanapangwa mstari wakiwa na chupa za maji yaliyotiwa rangi, wanapigwa picha. Koti la mwanangu mwenyewe lina matundu ya asidi, eti linatia aibu. Koti lililofanya kazi ndilo la aibu! Wageni wakiondoka, yale mapya yanarudi kabatini.

Ameshakosa vipindi vitano. Mkufunzi wake amesema waziwazi: bila ripoti za vipindi hivyo, hafanyi mtihani. Asipofanya mtihani, ufadhili unakatwa. Yaani watamfukuza kwa kosa la kuwatii.

Nilikwenda ofisini kwao. Mshauri waliyempa ni bibi mmoja mpole, anawafundisha namna ya kukaa na namna ya kushukuru. Nikamuuliza lini aliingia maabara mara ya mwisho.

"Mama, mimi si mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuwatia moyo."

"Moyo anao," nikamwambia. "Anachokosa ni Jumatano."

Akaniagizia chai. Sikuinywa.

Mkufunzi, mzee mkavu kama chaki, ametuachia upenyo mmoja. Atamfungulia maabara Jumamosi tano, ila hana muda wa kusahihisha rasimu. Anataka mtu wa fani azipitie ripoti kabla hazijamfikia, mwisho wa mwezi ujao.

Sasa nakugeukia wewe, Dada, na usinune. Mwezi wa pili mwanangu alikuandikia kurasa tatu, akikuuliza kwa nini mchanganyiko wake unabadilika rangi kabla ya wakati. Ukamjibu, "Kazana mwanangu, tunakuonea fahari," ukatia na picha yako ndani ya koti jeupe, safi, halina hata doa. Nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni. Juzi akasimama mbele yake, akasema, "Mama, kumbe hata mama mkubwa ana koti la wageni."

Nilitaka kumkemea. Nikaishia kuipangusa fremu vumbi.

Miaka ishirini unapima maji wanayokunywa watu. Najua lako lenye matundu lipo. Livae.

Humu ndani nimetia ripoti ya kwanza, ya kazi aliyoifanya jana. Ukurasa wa pili hesabu zimemkatalia, na amezifuta mpaka karatasi imetoboka.

Msalimie shemeji na wale pacha wako. Mama anakubusu mikono yote miwili. Mungu akulinde, akupe afya na kalamu nyekundu.

Usimwambie akazane, Dada. Mwambie amekosea wapi.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa amefura,
Mama Kwanini