Mtu wa Pili wa Kusimama Naye

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.
Asubuhi ukungu mzito, jua baadaye.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko na za kazi? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake, kama unavyoujua, ni mzima kabisa. Mume wangu amepaka rangi chumba cha mbele. Mama amesema sasa kinafanana na zahanati.

Kaa chini, kaka, nikueleze ya leo kanisani.

Unaujua utaratibu wetu: anayetaka kuwa mshirika husimama mbele, na washirika wawili hutoka wakasimama naye, mmoja kila upande. Wakikosekana wawili, anarudi kukaa. Leo aliyesimama mbele ni yule dereva wa lori aliyemgonga baba. Tangu atoke gerezani amekuwa akija ibadani, anakaa karibu na mlango na kuondoka kabla watu hawajapeana mikono. Mama hakuwahi kumtazama.

Mchungaji akauliza nani atasimama naye. Fundi viatu akatoka. Wa pili hakutokea. Si kwamba watu wanamchukia. Walimwonea haya mama. Kanisa zima lilitazama kisogo chake. Mchungaji akauliza tena, kwa sauti ya chini. Dereva akaanza kugeuka arudi nyuma.

Ndipo mama akashika benchi la mbele, akainuka. Nikadhani anatoka nje kwa hasira, nikamshika gauni.

"Mama, ngoja twende wote."

"Niachie nguo yangu."

Akaenda polepole hadi mbele, akasimama kushoto kwa yule mtu. Mchungaji alipoanza maneno mazuri mazuri, mama akamkatiza.

"Usinisifu, mchungaji. Mimi na huyu bado tuna maneno yetu, na tutayasema. Lakini nyumba hii si yangu, nimfungie mtu mlango."

Dereva alikuwa ameinama. Mama akamgusa kiwiko: "Simama wima, wewe. Watu wanatuangalia."

Kaka, nimesikiliza mahubiri tangu utoto wetu, lakini leo niliogopa, ule woga wa kutaka kuvua viatu, kama Musa mbele ya kichaka cha moto.

Jioni, mama akiwa anachambua mchele, nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Sijui. Nilimwona anageuka." Basi, akaendelea kuchambua.

Sikuandikii ili nikushurutishe. Najua ulivyoapa siku ya mazishi ya baba kwamba hutamsamehe. Mimi mwenyewe nilipompita pale mlangoni, mkono wangu ulikataa kutoka kumsalimia. Lakini mama ametaka uyasikie kwangu, si kwa watu. Na ujue kabisa kwamba ukija likizo, utamkuta huyo dereva kwenye benchi letu, pale alipokuwa akikaa baba. Mama ndiye aliyemwambia akae hapo. Nilipomuuliza, na kaka je, akajibu, "Nafasi ipo. Asipotaka, viti ni vingi."

Msalimie wifi yangu na watoto. Waambie shangazi anawakumbuka. Mungu awafunike nyote, na akushike mkono hasa wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vilevile, vyovyote utakavyoamua.

Saa tano na robo usiku. Nazima taa, nalala.