Udongo wa Nyacheki

Mpendwa Moraa,

Salamu zako zimefika hapa Ekerenyo. Babu yako hajambo, na ndama ameanza kula nyasi. Unauliza kama kifua kuwaka moto ukilala ni ugonjwa wa moyo.

Nami yalinipata hayo nikiwa na umri wako, kabla hatujahamishwa kutoka Nyacheki. Nikishiba kisha nikainama kuchuma chai, moto ulipanda kutoka tumboni hadi kooni pamoja na maji machungu. Nikawa nalamba udongo wa kichuguu kwa siri, nikidhani unanituliza. Mama akaniona.

"Kerubo, ni ya nani?"

"Nini, Mama?"

"Mimba. Nani mwingine hula udongo?"

Posa yangu ilikuwa imeshakubaliwa, na wakwe walikuwa waje wiki ile. Mama alinipeleka zahanati ili nifichuke. Nesi alinipima, akamgeukia Mama.

"Hana mimba, ana kiungulia. Ale kidogo kidogo, asilale akishiba, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali."

Mama aliyabeba matofali mwenyewe hadi nyumbani.

Fanya kama nesi alivyosema, lakini udongo uuache. Maumivu yakienda mkononi, au pumzi ikikatika, kimbilia hospitali.

Wakwe walikuja, nikaolewa. Ila mpaka leo nashtuka nikikumbuka kwamba mama aliniuliza ni ya nani, wala hakuniuliza naumwa wapi. Kwa hiyo nijibu, Moraa: moto huo unaanzia wapi, na unapanda hadi wapi?

Bibi yako,
Kerubo