Nyota Nyuma ya Mlima

Alhamisi, mwezi wa kumi. Vumbi tangu asubuhi, sasa upepo wa baridi. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Mwalimu Erasto ameniposa, na Jumapili anakuja kuchukua jibu. Mpaka leo mchana nilikuwa naelekea kusema ndiyo. Ana kazi, anasali, halewi. Shuleni yeye anafundisha fizikia, mimi hesabu. Nakiri nilishaanza hata kuangalia vitenge.

Jioni alikuja nyumbani na kompyuta yake kumwonyesha Baba nyota yenye mkia, ile inayoonekana siku hizi upande wa magharibi jua likishazama. Ana programu ya kuonyesha anga. Unaandika mahali ulipo na saa, nayo inakuchorea kila nyota ilipo. Aliandika Hanang, wilaya yetu, bila kukosea. Ikachora nyota yenye mkia juu kidogo ya ardhi, na ardhi yenyewe tambarare, majani ya kijani kama uwanja wa mpira.

Tambarare. Hapa kijijini kwetu Mogitu.

Magharibi yetu ni mlima Hanang. Hata kuku wetu wanajua, maana wanaingia kulala mapema kuliko kuku wa watu wengine. Nikamwambia, Mwalimu, nyota yako iko nyuma ya mlima. Akacheka, akasema nisibishane na kompyuta. Tangu ahamishiwe hapa mlima huo unamtia kivulini kila jioni, na bado hajauona.

Hilo ningemsamehe. Kila mtu hukosea.

Lakini akasimama nyuma ya kiti cha Baba hapo uani, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea magharibi kama mtu anayetengeneza antena ya televisheni. Baba yangu, mtu ambaye muda mfupi kabla Erasto alimwinamia akimpa shikamoo.

"Iko hapo mbele yako, mzee. Huoni tu, macho yamechoka."

Baba akajibu, "Nimeiona, mwalimu. Ni nzuri."

Erasto akafunga kompyuta kwa furaha, akala ugali wetu na maziwa, akaaga. Hakuuliza kitu.

Alipoondoka nilimuuliza Baba ameona nini.

"Mlima," akasema. "Nilitaka aniachie kichwa."

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira. Mtu mzima amelazimika kusema uongo nyumbani kwake ili mgeni amwachie kichwa, na mgeni ameondoka akijiona ametufundisha kitu.

Namdharau. Nimeliandika neno hilo polepole ili nilisome vizuri.

Kesho nikitoka shule nitakwenda na Baba kwa shangazi yangu Gendabi, upande wa pili wa mlima. Huko ataitazama nyota yake kwa macho hayohayo yaliyochoka, na hakuna atakayemshika kichwa.

Na Jumapili, Erasto akiniuliza jibu liko wapi, nitamwambia liko hapo mbele yake. Haoni tu.