Wasifu wa Odilia, kwa Mara ya Pili

Jumapili, mwezi wa saba. Mbeya, saa kumi jioni.

Baridi ya leo haina adabu. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kuandika. Nimerudi mchana huu kutoka Kilolo, mgongo unauma, macho yamevimba kwa kulia, na moyo ni mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miaka sita. Naanza na hilo ili nisije nikajisoma siku nyingine nikadhani nilikuwa na huzuni.

Jana ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu Shangazi Odilia atutoke. Udugu wa damu hatuna. Yeye alikuwa Mhehe wa Kilolo, mimi Mnyakyusa niliyebisha hodi kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne, natafuta mtu wa kunifundisha batiki. Nilikaa kwake miaka minne, nikala ugali wake na kugombezwa kila siku. Kama huyo si shangazi, basi sijui shangazi ni nani.

Duka hakuwa nalo. Alikuwa na banda nyuma ya nyumba, masufuria mawili yaliyoungua, meza ndefu, na mihuri aliyoichonga kwa mkono wake kutoka kwenye mabaki ya mbao za Mafinga. Lakini ingia nyumba yoyote kule Kilolo utamkuta, kwenye pazia, kwenye kitambaa cha meza, kwenye gauni la bi harusi lililofungwa kabatini tangu siku ya harusi. Kitambaa cha altare alibishana na paroko juu ya rangi yake kwa miezi miwili. Aliyechoka ni paroko.

Alitembea na mabuti ya mvua hata kiangazi, sweta lake lilinuka nta, na alikuwa na kinywa kikali. Mteja akimwambia "nifanyie kama ya jirani," alimrudishia kitambaa chake kikiwa cheupe vilevile.

Kazi yenyewe iko hivi. Unayeyusha nta, unachovya muhuri, unaugonga kwenye kitambaa, halafu unakitumbukiza kwenye rangi. Penye nta rangi haiingii. Kila mwalimu atakwambia uchovye muhuri kila unapogonga ili maua yako yalingane. Sasa Kilolo ni baridi, na nta inaanza kuganda kwenye muhuri kabla hujageuka. Wapo walioona ni balaa, wakaachana na batiki wakaenda kupika keki. Odilia alichovya mara moja na kugonga mara tatu. Ua la kwanza lilitoka nene, la pili hafifu, la tatu likabaki kama pumzi kwenye kioo. Kitambaa kizima ukikitazama unaona kitu kinasogea, kinakwenda zake. Aliuita mchoro huo "Mvua Inaondoka."

Mwanzoni nilimwonea huruma. Nilidhani anabana nta kwa sababu ya umaskini. Siku moja alipokwenda shambani nilisogeza jiko hadi kwenye meza, nikapasha moto mihuri yote, nikagonga mita sita za maua yaliyolingana kama askari wa gwaride. Nilijiona fundi. Aliporudi alisimama mlangoni na jembe lake begani, akatazama weee.

"Wewe mtoto," akasema, "hii baridi Mungu katupa bure. Wewe unaifukuza na mkaa wa kununua?"

Nikajifunza. Nikajifunza vizuri mno, na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Nilipofungua fremu yangu ya duka sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kitambaa cha kwanza kutundika mlangoni kilikuwa "Mvua Inaondoka." Nilikigonga mwenyewe, kwa baridi ya Mbeya, ambayo nayo si haba. Mama mmoja akasimama, akakishika, akaniuliza, "Hii umeibuni mwenyewe?"

Nikasema, "Eeh, ya kwangu."

Sikupanga. Ilitoka tu. Kesho yake ikatoka tena kwa urahisi zaidi, na mwezi uliofuata nikamwita fundi wa kuandika mabango. Akaandika kwa rangi nyekundu: TUSAJIGWE, MBUNIFU WA MVUA INAONDOKA. Kwaya zikaja kushona sare. Nikajulikana. Watu waliponisifu nilishukuru kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wa mwizi unapendeza kweli.

Miaka miwili iliyopita Odilia alikuja Mbeya kutibiwa. Akashukia Mwanjelwa bila kunipigia simu. Nilimwona amesimama chini ya bango anasoma polepole, midomo inacheza. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaingia, "Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe kama siku zote, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakigeuza upande wa nyuma.

"Umekitoa mapema kwenye rangi," akasema. Akaomba chai.

Alikunywa chai, akaniuliza habari za mama yangu, akaondoka. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mwaka jana tukamzika. Mwanafamilia mmoja akasoma wasifu wa marehemu kama unavyosomwa kila mahali, amezaliwa, amesoma hadi darasa la saba, ameugua, hakujaliwa mtoto. Kazi zake zote za miaka thelathini ziliingia kwenye mstari mmoja: "Marehemu alikuwa mjasiriamali mdogo." Watu walikuwa wamekaa pale wamevaa michoro yake, na mjasiriamali mdogo ndilo neno aliloagwa nalo. Nilijua kitu cha kusema, na nilijua kwamba nikikisema bango langu linaanguka. Nikainamisha kichwa kama wenzangu.

Basi wiki mbili zilizopita kaka yake, Baba Wilbrodi, akanipigia. "Mwanangu, ule wasifu haukukaa sawa. Wewe unaandika huko kwenye mtandao. Tuandikie mwingine, uusome mwenyewe siku ya misa."

Rasimu ya kwanza niliandika kwamba marehemu "alinipa misingi ya kazi." Sentensi nzuri, safi, haina tone la ukweli. Niliisoma mara tatu, nikaichana. Nikaandika nyingine.

Ijumaa nikapanda basi la Iringa, na nani akakaa pembeni yangu? Mama Lwitiko, mwenyekiti wa kwaya inayoshona kwangu sare kila Krismasi. Kwao ni Kilolo, ila aliolewa huku Mbeya kabla Odilia hajaanza batiki, naye alikuwa anakwenda kwenye misa ileile. Njia nzima ananisifia kwa abiria wa kiti cha mbele. "Huyu binti ni mbunifu, mkimwona hivi. Ile Mvua Inaondoka ni kichwa chake." Mimi nimekumbatia mkoba wenye karatasi inayosema kinyume. Nilinunua mahindi ya kuchoma Makambako ili mdomo uwe na kazi.

Nikiri: tulipofika Mafinga niliwaza kurudi kwenye rasimu ile niliyoichana. Nilikuwa naikumbuka kwa moyo.

Baada ya misa tulikwenda kaburini. Baba Wilbrodi akaniita. Nikasoma kwamba Odilia alikuwa msanii, na nikalirudia neno hilo kwa sababu mzee mmoja nyuma hakusikia. Nikasoma juu ya paroko na kitambaa cha altare, na paroko mwenyewe akacheka. Nikaeleza jinsi alivyochovya mara moja na kugonga mara tatu, na kwamba hakuna aliyefanya hivyo kabla yake. Halafu nikafika kwenye sentensi yangu.

"Mchoro wa Mvua Inaondoka, mnaoujua Mbeya kwa jina langu, ni wake. Nimeuuza miaka sita nikisema ni wangu. Yeye alijua, akaninyamazia. Leo naurudisha."

Hakuna aliyepiga kelele wala kuzimia. Kina mama wawili waliangaliana. Nilimaliza ukurasa, nikakunja karatasi, nikampa Baba Wilbrodi. Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema. "Sasa hapo yumo yeye mwenyewe."

Kisha Mama Lwitiko akanifuata kwenye foleni ya chakula. Nilijiandaa. Kwaya yake ndiyo iliyoniletea kwaya nyingine zote, na akinuna yeye nitafunga duka.

"Umenitia aibu kwenye basi," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Sare ya Krismasi iko palepale." Akajipakulia maharage, hana haraka. "Ila ya Odilia tunayo tayari. Mara hii tunataka yako wewe. Ipo?"

Nikafungua mdomo niseme ipo. Nilizoea kujibu haraka swali la namna hiyo.

"Bado," nikasema. "Lakini itakuwepo."

"Haya. Mwezi wa kumi nije nione."

Leo niliposhuka kwenye basi sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipitia Mwanjelwa, nikaazima ngazi kwa muuza viatu, nikapanda na petroli na kitambaa kibovu, nikafuta maneno yote ya bango, likabaki jina langu tu. Jirani akaniuliza kama nafilisika. Nikamwambia naandika upya. "Mvua Inaondoka" itaendelea kuuzwa pale, ikiwa na jina la Odilia wa Kilolo, kwa maandishi makubwa. Chini yake nimeacha nafasi ya mchoro wangu mwenyewe.

Sasa niko hapa nyumbani, miguu kwenye blanketi. Mbele yangu kuna mita mbili za kitambaa cheupe na kipande cha mbao ambacho hakijachongwa. Nimekikodolea macho tangu saa tisa. Kila ninachochora kwa penseli kinatoka na mkono wa Shangazi, nami nafuta. Nimefuta mara tisa. Ajabu ni kwamba siogopi. Nina mikono mizima, baridi ya bure, na hadi mwezi wa kumi.

Miaka sita nimesifiwa kwa mkono wa mtu mwingine. Wangu ukoje, jamani? Hata mimi sijawahi kuuona.