Kivuli juu ya dagaa

Jumatano

Wamejibu. Siku nzima ofisini niliogopa kufungua barua pepe, kana kwamba kuuliza ni kosa. Kanuni za shindano la picha mtandaoni zilisema tu "marekebisho madogo yanaruhusiwa", nami sikujua madogo ni yapi, ndipo nikawaandikia waandaaji.

Kuongeza mwanga ruksa, kukata pembeni ruksa, kufuta kilichokuwepo hapana. Ajabu. Nikikata pembeni, mtumbwi ulio ukingoni mwa picha yangu unatoweka. Nikiufuta, umetoweka vilevile. Kwa nini kimoja ni halali na kingine ni udanganyifu? Bado nawaza.

Nilitaka kufuta kivuli changu, kilichoangukia dagaa walioanikwa kule Igombe, kando ya ziwa. Neema wa masijala alinicheka: "Futa bwana, nani atajua?" Lakini wakigundua, wanatangaza jina la aliyeondolewa. Jina langu!

Nimeitazama picha tena. Mama mwenye dagaa anacheka, mkono ameunyoosha kwangu. Nilikuwa nimemwamkia tu, naye akasema: "Marahaba, ila toka hapo binti, unawazibia jua dagaa wangu!"

Nikifuta kivuli, huyu mama anacheka nini?

Nimeituma hivyo hivyo.