Muhuri Wangu Juu ya Chupa ya Nyongo

Kibondo,
Jumapili, mvua haijakatika tangu asubuhi.

Dada yangu Zaina,

Assalaam alaykum, wewe na wote mnaolala chini ya paa la Mama. Mimi ni mzima. Kile kifua kimetulia tangu nianze kuvaa sweta ulilonifumia, ingawa wachinjaji wananicheka kwamba nimevaa blanketi lenye mikono. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na wewe, dada, umeamkaje? Hilo la mwisho siulizi kwa desturi. Nataka jibu.

Najua utasema, huyu Hamza ana simu, barua ya nini? Simu nimepiga mpaka nimechoka, hupokei tangu siku ile uliponikatia. Ndiyo maana nimempa barua hii Mwalimu Kaniki, anayerudi Lushoto likizo, nikamwambia akukabidhi mkononi mwako, asimpe shemeji. Isome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Kazi yangu unaijua, maana ndiyo iliyokufanya uniite Bwana Ng'ombe mbele ya wakwe zangu. Alfajiri naenda machinjioni, napasua ini, napapasa mapafu, na nyama ikiwa salama naigonga muhuri wa wino wa zambarau: KIBONDO, IMEKAGULIWA. Muhuri wenyewe niliwahi kuudondosha kwenye sakafu ya saruji ukamegeka ukingoni, kwa hiyo duara lake lina pengo upande mmoja. Likumbuke pengo hilo.

Mvua zilipoanza alitokea mzee mmoja anaitwa Bihemo. "Mwakeye, Bwana Mifugo," ananiamkia kwa Kiha, mikono yote miwili, adabu tele. Alikuwa ananunua nyongo za ng'ombe weusi tu, nyekundu hataki. Nikamuuliza za nini, akasema za kulainishia ngozi. Nikacheka, nikaendelea na kazi yangu. Nyongo si nyama, nikasema, acha mzee ajipatie riziki.

Sasa nikupeleke kwa Mama Anjelina, mwenye nyumba wangu, yule aliyekusalimia kwenye simu siku ya Idi. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa hapa alimwandikia aende hospitali kubwa Mwanza, akasema ataenda akishavuna maharage. Maharage yakavunwa, yakauzwa, na habari za Mwanza zikaisha. Mchana mmoja akaniita chumbani kwake nimsaidie kusogeza kitanda. Nilipoingia nikakutana na harufu. Dada, harufu ile naijua. Ikitoka kwa mnyama machinjioni, mimi simgongi muhuri.

Aliona nimesimama mlangoni. Akatoa chupa chini ya mto.

"Usiogope, mwanangu, ni uchafu unatoka. Huu umuti ni nyongo ya ng'ombe mweusi na damu ya kobe. Kobe anazeeka hafi, uvimbe haupati pa kukaa mwilini mwake. Hata hiki kivimbe changu kimeshalainika."

Juu ya chupa palibandikwa karatasi, na juu ya karatasi duara la zambarau lenye pengo.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kwa Bihemo. Wengine wanauza vichupa visivyo na alama, wake una muhuri wenu. Ungekuwa mbaya, wewe ungeugonga?"

Kesho yake nikawabana wachinjaji, wakakiri: nikishagonga paja na kugeuka kwa ng'ombe mwingine, Bihemo anabandika karatasi pale wino ungali mbichi, anaibandua na duara langu. Wao walidhani ni uganga wake tu. Nilirudi mbio nikamweleza Mama Anjelina yote, nikamwapia. Akanishika mkono, akanituliza kama mtoto. "Najua, unaogopea kazi yako. Sitakutaja kwa mtu." Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini. Alhamisi tumemzika, na matanga hayajaanuliwa, jirani mmoja akawaomba watoto wake kilichobaki kwenye chupa.

Jioni ile nikakupigia nilie kidogo kwa dada yangu. Nikakusimulia mpaka kwenye muhuri. Kisha ukasema, polepole, "Hamza, mbona hata chupa yangu ina duara la zambarau? Limekatika upande mmoja." Nilikaa chini, dada, kwenye matope. Ukaniambia lile jipu ulilonificha tangu mwezi wa Ramadhani si jipu, ni uvimbe, na kwamba rafiki yake shemeji, dereva anayepakia maharage Kasulu, ndiye aliyewaletea. "Niliposoma Kibondo nikasema, mdogo wangu ameipitisha, nikanywa bila wasiwasi." Halafu ukacheka. "Usijali, kimeshalainika."

Nilikupigia kelele, ukanikatia simu; nisamehe. Lakini hayo ndiyo maneno ya Mama Anjelina, neno kwa neno, na chake kilipolainika ndipo kilipopasuka.

Sikiliza, mimi si daktari wa watu. Ninachokijua ni ng'ombe. Ndani ya maini ninayoyapasua, kwenye mishipa ya nyongo yenyewe, ninakuta minyoo bapa kama majani ya chai yaliyolowa. Wanazaliwa humo, wanaogelea humo, wananenepa. Nyongo isiyoweza kumuua mnyoo anayekaa ndani yake, itaua nini kwako? Na hao ng'ombe weusi nao wanaota uvimbe. Nimeshawatupa shimoni wenye uvimbe wa jicho, na nyongo zao zimejaa tele.

Nimekwenda polisi. Nyumba ya Bihemo wameikuta na kufuli. Wengine wanasema yuko Kasulu, wengine wanasema amepitia Manyovu ameshavuka Burundi. Sasa nyongo nazitumbua mwenyewe na kuzimwaga, na sibanduki kwenye nyama mpaka wino ukauke. Lakini jana nilikuta wanaume wawili nisiowajua wamesimama kwenye uzio wa machinjio, wameshika vikopo. Waliniamkia vizuri sana. Sijui ni chupa ngapi zimeshatoka hapa na duara langu, wala ziko kwenye nyumba za nani.

Dada, nilipougua surua, bibi alitaka nipakwe majivu nifungiwe ndani. Wewe ulikuwa msichana tu. Ukabishana naye, ukanifunga mgongoni kwa kanga, ukateremka nami mlima mpaka zahanati, mvua ikitunyeshea. Mama anasema ulirudi miguu imechubuka. Leo ukaidi ule umeuweka wapi?

Ukimaliza kusoma, mimina hiyo chupa chooni. Kesho asubuhi mshike Mama mkono mwende hospitali, waambie wakate kipande wakipime. Huenda si kitu. Huenda ni kitu na bado ni mapema. Ruhusa nimeomba, mwisho wa mwezi nitakuwa njiani, lakini usinisubiri. Mama Anjelina alisubiri maharage. Ninaogopa, Zaina. Ninaogopa kupokea simu yenye namba ya nyumbani.

Nisalimie Mama, mwambie kanzu yake nimeshainunua. Shemeji msalimie pia, sina ugomvi naye, alitafuta dawa kwa sababu anakupenda. Wapwa zangu waambie mjomba anawaletea karanga. Na Bi Tatu jirani, anayekusomea Yasini, asiache.

Chini ya jina langu nimegonga muhuri. Ni kosa kuugonga mahali pasipo nyama, na wakinifukuza wanifukuze. Utazame vizuri, ni ule ule, na pengo lake ni lile lile. Ule wa kwenye chupa uliuamini, nami sikuwa nimekagua kitu. Barua hii nimeikagua neno kwa neno.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba,
Hamza